Fundi Saa Aliyesema Hakuona

Jumapili, saa kumi kasoro dakika tano za jioni, katika bwalo la chuo cha ufundi lililoazimwa kwa ajili ya mashindano ya sataranji, Fundi Saa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka meza namba moja akiviwazia viatu vyake. Vilikuwa vipya na vilimbana vidole vidogo. Meza nyingine zote zilikuwa zimeshamaliza. Kete za meza hizo zilikuwa masandukuni, na walioshindwa walikuwa nje barazani wakielezana jinsi ambavyo wangeshinda. Ndani ilibaki meza moja, saa moja ya mchezo iliyokuwa ikigonga taratibu, na mtu mmoja wa safu ya nyuma mwenye mafua, aliyekuwa akijitahidi kupiga chafya kwa adabu.

Fundi Saa hakusomea uamuzi. Kazi yake ni kutengeneza saa, katika chumba kidogo chenye dirisha moja na taa ya shingo ndefu. Aliingia kwenye sataranji kupitia uani: chama kilimletea saa za mchezo zilizogoma, akazitengeneza, akaanza kwenda mashindanoni kuhakikisha hazigomi tena, na siku moja akajikuta amevishwa beji ya mwamuzi. Alipovishwa alizichukua kanuni akazisoma kama mtu anayesoma barua ya posa, mara nne, akitafuta neno lililojificha. Aliyoipenda zaidi ilikuwa fupi. Ukigusa kete yako kwa nia ya kuicheza, lazima uicheze. Kama unataka tu kuinyoosha ikae vizuri kwenye mraba wake, useme kwanza "naweka sawa," ndipo uiguse. Si uguse halafu useme.

Upande wa kete nyeupe alikaa mwanamke mpiga picha za mifupa wa hospitali kuu, ambaye watu wote walimwita Dada wa Eksirei. Alikuwa ameshika nafasi ya pili katika mashindano haya mara nne, na mara zote nne alipiga makofi wakati mtu mwingine akipewa kikombe. Upande wa kete nyeusi alikaa Mkwe. Huyu alikuwa amemwoa binti wa Mwenyekiti wa chama, na jina hilo lilimkaa kiasi kwamba hata watu wasio na mabinti walimwita Mkwe. Mshindi wa meza hiyo angekwenda ng'ambo kucheza mashindano makubwa. Nafasi ilikuwa moja.

Saa kumi kamili Mkwe alinyoosha mkono akamshika malkia wake kwa vidole vitatu. Akamwinua. Si sana, kiasi cha unene wa sarafu, lakini kile kitambaa cha kijani kilichobandikwa kwenye kitako cha malkia kilionekana wazi. Ndipo alipogundua kwamba malkia huyo, popote atakapomweka, ataliwa. Akamrudisha. Akakuna sikio, akatazama dari, kisha akasogeza farasi.

Dada wa Eksirei alisimamisha saa na kuinua mkono.

"Mwamuzi. Amegusa malkia."

"Nilikuwa namweka sawa," alisema Mkwe.

"Hukusema."

"Nilisema moyoni."

Fundi Saa akasogea. Katika safu ya mbele Mwenyekiti alikuwa ameweka mkoba mapajani, na ndani ya mkoba huo kulikuwa na maombi ya Fundi Saa ya cheti cha uamuzi wa kimataifa, yaliyokamilika kila kitu isipokuwa sahihi moja. Mwenyekiti hakukohoa wala kukonyeza. Alikuwa anafuta miwani yake.

"Mwamuzi, uliona?" aliuliza Dada wa Eksirei.

"Sikuona," alisema Fundi Saa.

Neno lenyewe lilitoka jepesi, kama mtu anayejibu kama mvua imenyesha. Dada wa Eksirei alimtazama kwa muda, akaiwasha saa, akaendelea. Alifungwa katika mwendo wa thelathini na tisa. Alimpa Mkwe mkono kama ustaarabu wa mchezo unavyotaka, akatia sahihi karatasi ya matokeo, akazipanga kete zake upya moja moja, akaondoka.

Jioni hiyo nyumbani Fundi Saa alivua viatu, akaegemeza mkono kwenye meza ya kulia chakula apumzishe kiuno, na mkono haukutoka. Haukunasa kama mtu aliyeshika gundi. Haukuuma. Ulikaa tu pale kama mgeni ambaye bado hajamaliza alichokuja kusema. Alisimama hivyo karibu robo saa, akibadilisha mguu huu na huu, mpaka mkewe alipokuja na sahani.

"Sogea basi."

"Nasubiri mkono."

Mkewe aliweka sahani upande mmoja, akatazama mkono, akatazama meza. Fundi Saa akajaribu kuisukuma meza. Iliposogea kidogo tu, mkono ukaachia.

"Maadamu umeshaanza," alisema mkewe, "ipeleke kabisa dirishani. Nimesema tangu mwaka juzi."

Kufikia katikati ya wiki nyumba ilikuwa imehama yenyewe ndani ya yenyewe. Kabati lilikuwa ukumbini, kitanda kiligeukia mlango, redio ilikaa juu ya friji na friji ilikaa mahali pa redio. Kilichoguswa na Fundi Saa lazima kisogee, na mpaka kisogee alikuwa hana ruhusa ya kuondoka. Milango haikumpa shida, maana mlango kazi yake ni kusogea. Vikombe na vijiko vilikuwa rahisi. Shida ilikuwa vitu vilivyozoea kukaa. Alijifunza kutembea katikati ya korido mikono ikiwa mfukoni, na usiku alilala chali viganja juu ya kifua chake mwenyewe. Kifua nacho kilitakiwa kusogea. Akageuka kushoto, akageuka kulia, mpaka kulipopambazuka.

Alhamisi alimgusa shemeji yake bega. Shemeji, kaka wa mkewe, alikuja kwao kwa siku mbili, na siku hizo mbili zilikuwa zimeingia mwaka wa nne. Alikuwa amelala kwenye kochi saa tatu asubuhi na Fundi Saa alitaka tu kumwamsha apishe ufagio.

"Shemeji, naona hujaachia," alisema shemeji.

"Mpaka usogee."

Shemeji akasogea hadi mwisho wa kochi. Mkono haukuachia. Akahamia kiti kingine, wakaenda pamoja. Wakajaribu jikoni, wakajaribu uani. Saa sita mchana shemeji alishusha pumzi, akachukua begi lake juu ya kabati, na wakatoka wote wawili wakitembea ubavu kwa ubavu kama wachumba, wakavuka mitaa saba kutafuta chumba cha kupanga. Shemeji alipotua begi lake sakafuni, mkono ukatoka begani.

"Hapa si pabaya," alisema shemeji akitazama dirisha.

Jioni hiyo mkewe Fundi Saa alimwongezea mchuzi.

Kazini ikawa ngumu zaidi. Anayetengeneza saa hutoa gurudumu, hulisafisha na kulirudisha palepale lilipotoka, na palepale ndipo mikono yake ilipokataa. Akalazimika kurudisha kila gurudumu jirani na mahali pake. Saa ziliendelea kutembea, lakini kwa fikra zao. Mwalimu mmoja alirudishiwa saa ambayo kila siku ilifika adhuhuri mara mbili. Alisema inamfaa, anapata muda wa kusahihisha madaftari.

Ijumaa alijikwaa mbele ya posta akajizuia kwa ukuta. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Alisimama hapo tangu saa nne asubuhi, kiganja kwenye plasta, watu wakimwamkia na kupita. Muuza magazeti alimsogezea kivuli cha mwavuli. Saa nane kasorobo ukuta ukasogea upana wa vidole vinne. Ndani, karani wa stempu aliinua kichwa, akavuta kiti chake mbele, akaendelea kugonga mihuri. Jumatatu yake mpima wa manispaa alikuja na futi ya kamba, akapima, akaandika vipimo vipya kwenye daftari na kumwomba Fundi Saa atie sahihi kama aliyehusika.

Akatia sahihi, kisha kalamu akailaza upande wa pili wa daftari. Ikamwachia.

Mkewe ndiye aliyewaza dawa. "Wewe si mwamuzi? Kanuni yenu haina pa kutokea?"

Ilikuwa napo. Fundi Saa akajilaumu kwa kutopakumbuka. Akaenda mbele ya picha ya harusi yao iliyokuwa imeinama upande, akasema kwa sauti, "Naweka sawa," akainyoosha, na mkono ukatoka bila masharti. Asubuhi hiyo nzima alizunguka mtaani akisema naweka sawa, naweka sawa, akishika nguzo, mabomba, mikono ya watu. Lakini nguzo ya tatu ilimkatalia. Ilikuwa imesimama wima kabisa. Ndipo alipoelewa kwamba maneno peke yake hayatoshi. Lazima kitu kiwe kweli kimekaa upande, na lazima nia yako iwe kweli kukinyoosha. Nguzo ilichukua saa tatu, na taa yake sasa inamulika ua wa nyumba ya jirani.

Usiku huo, baada ya kugeuka mara nyingi, aliamka akachukua karatasi akaandika barua. Aliandika kwamba siku ya Jumapili, saa kumi kamili, mchezaji wa kete nyeusi alimgusa malkia wake kwa vidole vitatu, akamwinua mpaka kitambaa cha kijani kikaonekana, na wala hakusema anaweka sawa. Akaandika: *Mimi mwamuzi niliona.* Alilitazama neno hilo la mwisho akasubiri mikono iwe myepesi. Haikuwa.

Asubuhi aliipeleka mwenyewe ofisini kwa Mwenyekiti. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, ina zulia, vikombe vya ushindi kwenye kabati la kioo na katibu mmoja aliyekuwa akitafuna kifuniko cha kalamu. Mwenyekiti aliisoma barua mpaka mwisho bila kuruka mstari.

"Umeandika vizuri," alisema. "Mwandiko safi. Lakini Bwana Fundi, kanuni wewe unazijua kuliko mimi. Rufaa ni nusu saa baada ya mchezo. Hapa tuna siku kumi."

"Nilikosea, Mwenyekiti. Niliona."

"Mbona siku ile ulisema hukuona?"

Macho ya Fundi Saa yalikwenda kwenye mkoba wa Mwenyekiti.

"Basi tuseme uliona," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Majina yameshatumwa. Tiketi imeshakatwa. Kijana ameshaaga wazazi wake. Tumrudishe kwa barua?" Akaikunja barua mara mbili, akaitia kwenye droo. "Nimesikia pia habari za mikono. Pole sana. Umemwona daktari?"

Akasimama, akamnyooshea mkono kumuaga.

Fundi Saa aliutazama mkono ule. Angeweza kusema samahani, nina mafua. Badala yake alitoa wa kwake mfukoni na kuushika sawasawa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile akafurahi kwamba hautatoka. Huyu naye ataondoka, aliwaza. Aondoke kwenye kiti hiki, aende popote.

Walikaa hivyo. Mwenyekiti hakulalamika. Alijaribu kukaa kiti cha wageni, akajaribu kusimama dirishani, na alipoona hakuna mabadiliko alirudi mezani akaendelea na kazi zake kwa mkono wa kushoto, huku Fundi Saa amesimama kando kama mpambe. Katibu alileta mafaili, akachukua mafaili. Mwenyekiti alizungumza kwa simu na fundi wa mabomba, akazungumza na mkewe. Ilipofika saa nane na nusu simu iliita tena, na Mwenyekiti akasikiliza muda mrefu akisema ndiyo, ndiyo, nashukuru.

Akaweka simu chini.

"Wamenipandisha," alisema. "Shirikisho. Makamu wa rais. Naanza mwezi ujao."

Mkono ukaachia.

Fundi Saa alibaki akikitazama kiganja chake. Kanuni inataka kete iliyoguswa iondoke pale ilipo, haina mahali inaposema iende kubaya. Alizisoma mara nne na hilo hakulitafuta.

Mwenyekiti alikunja na kukunjua vidole vyake kuvirudishia damu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu anayependa kuondoka mahali akiwa amemaliza kazi zake, alifungua mkoba, akatoa maombi ya cheti, akatia sahihi. "Hii nilikuwa nimeichelewesha," alisema. Kiti chake, alieleza katibu wakati Fundi Saa akishuka ngazi bila kushika kingo, kingekaliwa na Mkwe kwa muda, akirudi safari.

Siku mbili baadaye Fundi Saa alikwenda hospitali kuu. Hakupanga foleni kama watu wengine kwa sababu foleni ilikuwa kwenye benchi na benchi lilikuwa la chuma lililofungwa sakafuni kwa nati. Alisubiri akitembea, kutoka dirishani hadi kwenye mzani wa watoto na kurudi, mpaka alipoitwa.

Dada wa Eksirei alikuwa na aproni nzito ya madini ya risasi na miwani iliyoshuka puani.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Mikono haiachii."

"Ukuta wa posta ni wewe?"

"Ni mimi."

"Haya. Vua saa. Weka viganja hapo, vidole vitawanye. Usitikisike."

Kutotikisika ndicho kitu kimoja alichokuwa hawezi, lakini alijibana, na mashine ikalia. Dada wa Eksirei akalivuta bamba mpaka viganja vikaachia, akaitia picha kwenye kioo cha taa, wakaitazama pamoja.

"Mifupa mizima. Kidole gumba cha kulia kimeanza kuzeeka. Kingine hakuna."

"Niliona," alisema Fundi Saa.

Dada wa Eksirei hakugeuka.

"Najua uliona. Malkia nilishajua ameguswa, sikuwa na haja ya kumwangalia. Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Nimewaandikia barua."

"Wakasemaje?"

"Kwamba nusu saa ilipita."

"Ni kweli ilipita." Alizima taa ya kioo na kuitia picha kwenye bahasha. "Mama yangu aliniuliza, mwanangu, mbona hukupiga kelele? Nikamwambia, mama, mchezo wetu hauna kelele. Ukiona jambo unainua mkono, unamwita mwamuzi. Ndiyo njia iliyopo. Hakuna nyingine."

Fundi Saa aliutoa mkono mfukoni, ukabaki hewani kati yao. Jambo hili alikuwa amelifikiria njia nzima na sasa lilimtoka bila mpangilio.

"Nikikushika mkono, utasogea. Shemeji yangu sasa ana chumba chake. Mwenyekiti amepanda, mpaka shirikisho. Hata wewe, nikikushika, lazima utoke hapo kwenye nafasi ya pili. Nitasubiri. Hata siku tatu nitasimama."

Dada wa Eksirei alivua miwani. Aliutazama ule mkono kwa makini ya kazi yake, kama anayekadiria uwekwe upande gani.

"Utanipeleka wapi?"

Fundi Saa alifungua mdomo. Kwenye ndege kiti kilikuwa na mtu. Kwenye ofisi ya ghorofa ya pili kiti kilikuwa na mtu yuleyule. Ng'ambo jina lilishaandikwa kwenye kadi na kadi imeshawekwa mezani. Alipita kila mraba alioujua, wa kwanza, wa pili, nyuma, pembeni.

"Sijui," alisema.

"Basi rudisha mfukoni."

Akarudisha.

Akiwa mlangoni, Dada wa Eksirei alimwita tena. "Hilo benchi la nje linapigwa na jua tangu saa nne. Watu wanakuja wamevunjika, wanaondoka wameungua. Nimeandika maombi lihamishwe, mara sita. Wanasema lina nati." Akamwita mgonjwa aliyefuata.

Fundi Saa alitoka, akaweka kiganja kwenye chuma cha moto cha benchi, akasimama. Wagonjwa watano waliokuwa wamekaa walimtazama, wakaona ni yeye, wakajisogeza kumpa nafasi ya mkono. Aliyekuwa karibu alikuwa mzee mwenye bandeji ya goti, akisoma gazeti. Ukurasa wa nyuma kulikuwa na picha ya Mkwe uwanja wa ndege, amevaa koti lenye rangi za taifa, akipunga.

"Bingwa wetu huyu," alisema mzee. "Ameondoka jana."

"Aligusa malkia," alisema Fundi Saa.

"Akafanyaje?"

"Akamrudisha. Ukigusa lazima ucheze. Hakucheza."

Mzee aliisogeza picha karibu na macho, labda kutafuta malkia.

"Mwamuzi hakuwepo?"

"Alikuwepo."

"Ahaa," alisema mzee, na jambo likaeleweka vya kutosha. Akalikunja gazeti mara nne akaanza kujipepea nalo.

Nati ya kwanza ilikatika saa saba. Ya mwisho saa tisa. Benchi likateleza polepole sakafuni na watu wake wote juu yake, wameinua miguu kidogo ili lipite vizuri, likaenda mpaka ukuta wa pili ambako jua halifiki. Mkono ukaachia. Mlango ukafunguliwa, Dada wa Eksirei akachungulia mahali benchi lilipokuwa, kisha mahali lilipo.

"Kesho wahi," alimwambia. "Kuna kabati." Kisha kwa mzee: "Baba, karibu. Taratibu na hilo goti."

Mzee aliingia akichechemea, na kwenye benchi pakabaki nafasi ya mtu mmoja, kivulini. Wengine walimwonyesha Fundi Saa kwa kidevu kwamba akae. Alishukuru, akaitazama ile nafasi, akabadilisha mguu, akaendelea kusimama.